Breki hazikatiki ghafla: mwongozo kamili wa kuzuia lori la mizigo lisikimbie mteremkoni

Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni ya Kibaoni nje kidogo ya jiji la Arusha, kwenye barabara ya kwenda Namanga, lori liligonga magari matatu na watu 25 wakafariki. Polisi walisema lori lilifeli breki. Miezi minane hivi kabla yake, tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani nchini Kenya, lori lingine liliacha njia likavamia matatu, wachuuzi na watu waliokuwa wanasubiri usafiri kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 hawakurudi nyumbani siku ile.

"Breki zilikatika." Neno hilo likishatamkwa, mazungumzo huishia hapo, kana kwamba imetajwa radi. Mimi nimeshika spana miaka mingi kwenye gereji za kando ya barabara kuu, mgongo ukiwa chini na macho kwenye ekseli za matela, na neno hilo nimeshindwa kulikubali. Breki ya upepo si uzi hata ikatike ghafla. Inakufa kidogo kidogo: yadi wakati wa kupakia, gereji pale fundi anapoambiwa "funga tu nifike", na kileleni pale dereva anapochagua gia. Mteremko hukuta kazi imeshafanyika, wenyewe unamalizia tu.

Mwongozo huu ni wa dereva, utingo, fundi na mwenye gari. Vipimo nilivyoweka vinahusu malori makubwa ya breki za upepo zenye dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu), ndiyo mengi katika barabara zetu. Kitabu cha gari lako kikitaja kipimo tofauti, fuata kitabu.

Kwanza elewa joto linakwenda wapi

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu gari lenye ekseli saba kufika tani 56 kwa jumla. Tuchukue lenye uzito pungufu kidogo, tani 50, likishuka kimo cha mita 300. Nishati ambayo lazima imezwe na kitu fulani hadi lori lifike chini kwa mwendo uleule ni takribani megajuli 147. Ukiipeleka jikoni, inachemsha lita 450 za maji ya bombani, yaani mapipa mawili na zaidi. Sasa fikiria umeamua kuibeba yote kwa breki za miguu. Lori la ekseli sita lina dramu 12. Tukikadiria kila dramu ina kilo 50 za chuma, na bila kuhesabu kinachopozwa na upepo au kinacholiwa na matairi njiani, joto la dramu zote litapanda kwa zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Breki laini za kawaida, yaani vipande vinavyosugua dramu, huanza kupoteza ushikaji wake mapema kuliko hapo.

Mwendo nao una hesabu yake. Kwenye mteremko wa asilimia 6, lori hilo la tani 50 likishuka kwa kilomita 60 kwa saa linahitaji kuzuiwa kwa nguvu ya karibu kilowati 490. Hizo ni nguvu za farasi zaidi ya 600, na malori mengi tunayoendesha hayana enjini ya kiasi hicho hata kwa kupanda. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, mzigo huo unashuka hadi kilowati 163 hivi, kiasi ambacho enjini iliyo kwenye gia ndogo, ikisaidiwa na breki yake, inaweza kubeba sehemu kubwa. Ndiyo maana gia ndogo inaokoa maisha: anayeshuka taratibu anawapa enjini na hewa nafasi ya kubeba joto.

Dramu ikipata moto inatanuka, inasogea mbali na breki shuu, yaani vyuma vilivyobeba laini. Ili shuu iifikie, fimbo ya chemba (kopo la upepo linalosukuma breki) lazima isafiri zaidi. Fimbo hiyo ina mwisho wa safari yake, kwa hiyo kama ajasta, mkono wa chuma unaosukumwa na fimbo hiyo, ilikuwa imelegea tangu asubuhi, fimbo inafika mwisho kabla shuu haijakamata. Hapo dereva anakanyaga, pedali inashuka kama kawaida, saa ya upepo inaonyesha tangi limejaa, na gari linazidi kukimbia. Dereva aliyenusurika atakuapia kwamba breki zilikuwa nzima hadi dakika ile, na yeye hasemi uongo. Zilikuwa zinatosha kusimamisha gari tambarare, zikiwa baridi. Kwa mlima hazikuwa zinatosha kamwe.

Kuna imani nyingine inayopaswa kung'olewa: kwamba lori linakimbia kwa sababu "upepo umeisha". Breki ya kuegesha kwenye malori haya inakazwa na springi kubwa ndani ya chemba, na upepo ndio unaoizuia springi isikaze. Upepo ukipungua sana, kwa kawaida kati ya psi 20 na 45 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), springi zinafunga magurudumu zenyewe. Upepo ukiisha kabisa, lori zima linanata barabarani. Linalokimbia aghalabu lina upepo wa kutosha; kilichoisha ni ushikaji wa shuu kwenye dramu. Na hendibreki inatumia shuu zilezile na dramu zilezile, kwa hiyo zikishaungua, kuvuta hendibreki hakuleti breki mpya kutoka popote.

Hatua ya kwanza: mzigo na tela

Hapa nitapita haraka. Jua uzito wako halisi kabla ya kutoka, usingoje mizani ikuambie. Mzigo uliolalia ekseli za nyuma za tela unazichosha breki za pale huku nyingine zikicheza. Na usichukue tela usilolijua ukaondoka nalo kwa sababu karatasi ziko sawa. Tela hubadilisha vichwa mara nyingi kuliko linavyoingia gereji. Kichwa kinafanyiwa huduma kwa sababu kina enjini inayolalamika, tela linakaa kimya mwaka mzima.

Hatua ya pili: upepo, kila asubuhi

Egesha pahali tambarare, weka kabari pande zote mbili za gurudumu. Kabari za kweli, siyo jiwe uliloliokota.

Fungua vali za chini ya matangi utoe maji. Maji kidogo ni kawaida. Maji mengi kila siku yanakuambia kikausha upepo kimechoka. Mafuta meusi yanakuambia kompresa inapitisha oili, na oili hiyo inakwenda kula mipira ya vali zote. Utingo afanye kazi hii kila asubuhi bila kukumbushwa.

Washa enjini, jaza upepo hadi kompresa ijikate yenyewe. Malori mengi hufika kati ya psi 100 na 125, mengine ya Ulaya hupanda zaidi ya hapo. Zima enjini, achia hendibreki (kabari zikiwa mahali pake), usikanyage kitu, angalia saa kwa dakika moja. Kichwa peke yake kisipoteze zaidi ya psi 2. Kichwa na tela, zaidi ya psi 3. Kisha kanyaga breki kwa nguvu, acha saa itulie, hesabu dakika nyingine: kichwa peke yake zaidi ya psi 3, kichwa na tela zaidi ya psi 4, usiondoke. Mtu wa pili azunguke gari akisikiliza. Sauti ya "sss" inasikika vizuri alfajiri kabla mji haujaamka. Usipoipata kwa sikio, povu la sabuni kwenye maungio litakuonyesha.

Halafu ponda pedali mara nyingi enjini ikiwa imezimwa, switchi ikiwa imewashwa. Upepo unapokaribia psi 60, taa au king'ora cha onyo lazima kiamke. Nimekuta malori yaliyokatwa waya wa king'ora kwa sababu "kinapiga kelele". Kiliwekwa pale ili kipige kelele.

Malizia na tela. Jaza upepo, achia breki za kichwa, kaza za tela peke yake, tia gia ndogo uvute taratibu. Gari likatae kusogea. Likisogea kama halina mtu nyuma, hujamaliza ukaguzi.

Hatua ya tatu: ajasta, mahali ambapo watu wengi wanafia

Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Nyuma ya kila gurudumu kuna chemba ya breki. Fimbo inatoka kwenye chemba na kusukuma mkono wa chuma, huo ndio ajasta, watu wengine huuita slaki. Ajasta inazungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S, shafti inatanua breki shuu. Kadiri breki laini zinavyolika, fimbo inasafiri zaidi. Ikizidi kipimo, nguvu ya breki haipungui kidogo kidogo kwa adabu, inaporomoka.

Namna ya kupima haraka ni hii. Gari tambarare, kabari, hendibreki imeachiwa, upepo umejaa, enjini imezimwa. Ingia chini ukiwa na glavu, shika kila ajasta uivute kwa mkono kwa nguvu. Ikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi pale fimbo inapoungana nayo, breki ile imelegea.

Kipimo cha uhakika kinahitaji watu wawili na chaki. Piga alama kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Mwenzako akanyage breki upepo ukiwa kati ya psi 90 na 100, ashikilie. Pima alama imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, ambayo ndiyo imejaa kwenye matela, mwisho ni milimita 51. Kwa namba 24 ya kawaida ni milimita 44. Namba ya chemba huwa imepigwa muhuri kwenye mwili wake au kwenye mkanda unaoifunga. Zipo pia chemba za msukumo mrefu ambazo zina kipimo chake, usizichanganye na hizi. Andika vipimo vya magurudumu yote kwenye daftari. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja ni tatizo hata kama zote mbili ziko ndani ya kipimo, kwa sababu gari litavuta upande.

Kama ajasta ni za mkono, sukuma pete ya kufungia kwa spana inayokaa sawasawa, zungusha hadi shuu ziguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu mzunguko. Hakikisha pete imeruka nje kurudi mahali pake. Ikibaki ndani, ajasta itajilegeza yenyewe njiani. Ukiwa unazungusha, tazama shafti inaelekea wapi. Ikigeuka kinyume, unalegeza ukidhani unakaza.

Kama ajasta ni za kujirekebisha zenyewe, nisikilize vizuri, fundi mwenzangu. Ukikuta imelegea, usiikaze kwa spana ukaona umemaliza kazi. Kazi yake ni kujikaza. Imeshindwa, na kuna sababu. Huenda bushi za shafti zimelika, huenda pini imeganda kwa kutu, huenda dramu imekwisha, au ilifungwa vibaya tangu siku ya kwanza. Ukiikaza kwa mkono, kesho kutwa imelegea tena, na safari hii dereva anaamini imetengenezwa. Hilo la imani ndilo baya kuliko ulegevu wenyewe.

Kuna jambo lingine ninalolikuta chini ya magari na linaniumiza kila mara. Chemba inavuja njiani, spea haipo, tajiri anapiga simu akiuliza mzigo umefika wapi. Basi mpira wa upepo unakunjwa na kufungwa waya, au springi inarudishwa nyuma kwa boliti yake ili gurudumu lisinate, na safari inaendelea. Lori lililofanyiwa hivyo linatembea vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo linasahaulika. Siku moja niliingia chini ya tela la ekseli tatu lililoletwa kwa ajili ya taa tu. Katika chemba sita, tatu mipira yake ilikuwa imekunjwa, waya umeshika kutu. Dereva alikuwa na gari hilo kwa miezi minne, hakuwa anajua. Alikuwa ameshuka mteremko wa Kitonga nalo mara nyingi akiwa na shehena.

Dereva, kabla hujapokea gari kutoka kwa mwenzako, ingia chini uhesabu mipira. Na springi ya chemba usiifungue kamwe nje ya gereji yenye vifaa. Ina nguvu ya kuua mtu, na imeua.

Hatua ya nne: kinachosugua

Breki laini zikibaki chini ya milimita 6, badilisha, na badilisha ekseli nzima, siyo gurudumu moja. Dramu yenye ufa unaopita kutoka ndani hadi nje haina matengenezo. Dramu iliyochongwa mara nyingi inakuwa nyembamba, inapata moto upesi na kutanuka zaidi, hata ikifungiwa laini mpya. Ukiona oili au grisi kwenye dramu, sili ya habu (kitovu cha gurudumu) imekufa. Kufuta kwa petroli hakusaidii, laini zilizokunywa oili zitupwe.

Laini za bei ya chini ambazo boksi lake halina jina la mtengenezaji wala namba yoyote zinaweza kushika vizuri sana zikiwa baridi. Moto ndio mtihani wake, na huo mtihani unafanyika mlimani ukiwa na tani 30 mgongoni.

Magari madogo ya mizigo yanayotumia mafuta ya breki badala ya upepo yana ugonjwa wake. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini yanavuta unyevu hewani, na yakishavuta, kiwango cha kuchemka huporomoka kuelekea 140. Yakichemka, pedali inaingia hadi sakafuni kama umekanyaga sifongo. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana safi.

Hatua ya tano: kileleni

Kitonga, Sekenke, miteremko ya Mbeya, na kwa Kenya Mai Mahiu, Sachangwan hadi Salgaa: madereva wanaijua kwa majina, na kila mmoja ana rafiki aliyemzika kutokana na mmojawapo. Kanuni ya kileleni ni moja. Simama kabla ya mteremko kuanza, mahali pa kusimama panapokubalika.

Dakika kumi zinatosha. Acha upepo ujae. Zunguka gari na utingo, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa, au tumia kipimajoto cha miale kama unacho. Wengi wanatafuta gurudumu la moto. Tafuta pia la baridi. Baada ya mwendo uliotumia breki, gurudumu la baridi kati ya magurudumu ya moto ni gurudumu lisilofanya kazi, na mzigo wake unabebwa na wenzake.

Kisha chagua gia ukiwa umesimama. Wazee walitufundisha: shuka kwa gia uliyopandia. Ilikuwa kanuni nzuri kwa malori yao. Malori ya sasa yana enjini zenye nguvu nyingi ya kupanda, na umbo linalopenya upepo na matairi yanayobiringika kirahisi, hivyo gia uliyopandia inaweza kuwa kubwa mno kwa kushukia. Anza na iliyo chini yake. Kama gari lina gia za kujibadilisha, weka kwenye hali ya mkono, na kama lina mfumo wa kuachia gia mteremkoni ili kubana mafuta, uzime.

Hatua ya sita: kushuka

Mzigo wa kushikilia gari ubebwe na enjini, breki za miguu zirekebishe tu. Washa breki ya enjini au retada (kifaa kinachozuia mwendo bila kutumia breki za miguu) kabla ya kuanza kushuka. Breki ya enjini hushika zaidi mizunguko ikiwa juu. Malori mengi yana eneo la buluu kwenye saa ya mizunguko, lisomee hapo, usivuke mstari mwekundu. Kukiwa na mvua na tela halina mzigo, ipunguze, maana inaweza kuyatelezesha matairi ya nyuma ya kichwa na gari likajikunja.

Amua mwendo wako wa salama, tuseme kilomita 30 kwa saa. Gari likifika 30, kanyaga breki kwa uthabiti hadi usikie gari limekamatwa kweli, lishuke hadi 22 hivi, kwa sekunde kama tatu, kisha achia kabisa. Likirudi 30, rudia. Usilaze mguu kwenye pedali njia nzima. Mguu uliolala unaonekana wa upole, lakini unazinyima dramu nafasi ya kupoa, na gurudumu lenye ajasta iliyokazwa kuliko wenzake ndilo linaloungua kwa niaba ya wote. Usitumie pia breki ya tela peke yake kushikilia gari zima; ndivyo matela yanavyowaka moto kwenye kona.

Ikiwa unalazimika kukanyaga mara kwa mara bila kupata nafuu, gia yako ni kubwa. Punguza mwendo sasa kwa breki ambazo bado unazo, simama, uanze upya na gia ndogo. Hakuna aibu kusimama katikati ya mlima pahali salama. Harufu ya laini zinazoungua, moshi, au pedali inayohitaji nguvu zaidi kwa kazi ileile: hizo ni salamu za mwisho.

Sasa gia huru. Kwa miaka mingi kipande cha Salgaa na Sachangwan kilitajwa kwa mtindo huu: dereva anafika kileleni, anatoa gia, lori linashuka lenyewe, dizeli inabaki. Ndugu dereva, kwenye enjini inayoongozwa na kompyuta hesabu hiyo haipo kabisa. Gari likiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, kompyuta inakata dizeli yote. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha enjini. Ukitoa gia, enjini inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Kwa hiyo unalipa mafuta ili kuitupa breki yako kubwa kuliko zote. Na ukishafika kasi kubwa, gia haitarudi. Utaisikia ikisaga, na hapo gari si lako tena.

Hatua ya saba: chini ya mlima

Usikimbilie kuvuta hendibreki dramu zikiwa za moto sana. Zinaweza kupinda au kupasuka zinapopoa zikiwa zimebanwa. Weka kabari, acha gari lipoe. Usimwagie maji, chuma cha moto kikipata maji hupasuka. Pitia habu zote tena, maana hapa ndipo gurudumu la baridi linapojitaja waziwazi, na liandike kwa ajili ya fundi.

Likishakimbia

Sekunde za kwanza ndizo zenye thamani. Nishati ya gari kwenye kilomita 80 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 40, kwa hiyo uamuzi mbaya uliofanywa mapema unaua wachache kuliko uamuzi mzuri uliochelewa.

Usitoe gia. Usijaribu kushuka gia ukiwa kasi, utabaki bila yoyote. Kanyaga breki moja ndefu na nzito, usiponde-ponde: kila unapoachia unapoteza upepo. Vuta hendibreki mwendo ungali mdogo. Washa taa za hatari na honi, usiache. Tafuta mahali pa kupoteza gari kabla ya mji, kabla ya mizani, kabla ya foleni: njia inayopanda, udongo laini, shamba, vichaka. Penye ukuta wa mlima, lisugulishe ubavuni kwa pembe ndogo. Mkanda uwe umefungwa, na usiruke. Dereva akiruka, lori linaendelea bila mtu, na huko chini kuna watu.

Wewe mwenye gari ndogo unayeshuka nyuma au mbele ya malori: usijibane katikati yao kwenye foleni ya mteremkoni. Acha nafasi ya kuchepuka. Na wewe mchuuzi au dereva wa abiria, usipange bidhaa wala kusubiri abiria kwenye mkia wa mteremko. Najua biashara iko pale, lakini lori lililokimbia nalo huja pale pale.

Kwa mwenye gari

Sehemu hii naiandika kwa uchungu, kwa sababu dereva ndiye anayepelekwa mahabusu na wewe unapelekewa taarifa.

Dereva anayepimiwa dizeli hadi tone la mwisho, huku posho ya safari haitoshi chakula, atatoa gia mlimani. Umemlipa afanye hivyo, hata kama kibao cha ndani ya kebini kinasema marufuku. Dereva anayepewa siku za kufika zisizowezekana hatasimama kileleni dakika kumi. Basi anza na mambo haya. Tela liwe na daftari lake lenye vipimo vya fimbo za chemba zote, vikipimwa kila mwezi na kabla ya kila safari ya milimani. Ndani ya kebini kuwe na chemba moja ya akiba, mipira miwili ya upepo, kabari mbili za kweli na glavu, ili mtu asilazimike kukunja mpira na kuufunga waya. Chemba ikizibwa kwa dharura, gari liende gereji ya karibu bila kushuka mlima wowote, na bili ya kulala ilipwe.

Na mpe namba ya simu ambayo akipiga usiku wa manane akiwa juu ya Kitonga na kusema, "Tajiri, gurudumu la tatu kushoto ni la baridi, sishuki," atakayepokea amjibu, "Lala hapo hapo, fundi anakuja asubuhi," na siku hiyo isikatwe kwenye mshahara wake.